Jina Peke Yake Halifungui Ghala

KIBONDO. Saa nne asubuhi radi inapiga upande wa Kasulu, na lori limeelekeza pua langoni, injini inaunguruma. Mahindi na maharage yameshafunikwa turubai. Dereva amelitaja neno la siri. Karatasi yake ina sahihi. Bosi mwenyewe amesimama uwanjani, mikono kiunoni, na amekwisha sema lori litoke.

Pelagia Ininahazwe hafungui.

Amekaa mbele ya kompyuta kwenye kiofisi cha mabati, kitenge kimefungwa mabegani kwa ajili ya baridi. Kiganjani ameshika chombo cha redio ya upepo. "Kasulu, Kasulu, hapa ghala la Kibondo. Therese, unanipata?" Redio inakoroma. Anarudia. Inakoroma tena.

"Dada Pelagia, unanibania!" anafoka dereva, Abbasi, kijana wa mjini aliyevaa kofia ya sufu. "Watu wamepanga mstari kambini toka alfajiri. Wakianza kunirushia mawe nitawaambia ni nani kanichelewesha."

"Waambie ni mimi," anajibu bila kugeuka. "Wananijua."

Kumjua wanamjua, tena vibaya. Ukitaka kuelewa kwa nini mwanamke huyu anamgomea dereva, na bosi, na matumbo ya watu elfu kadhaa kwa pamoja, inabidi urudi mwaka jana, mwezi Mei, wiki ambayo neno la siri lilimpeleka rumande.

Pelagia ana miaka thelathini na miwili. Ni karani wa ghala la shirika linalopeleka chakula katika kambi za wakimbizi wilayani hapa. Mwaka 1972 alivushwa mpaka wa Mabamba kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Alikulia Busunzu, akaolewa Busunzu, na karatasi zake za uraia amezifunga kwenye nailoni chini ya godoro. Kupiga chapa alifundishwa misheni baada ya kumaliza darasa la saba.

Kompyuta ilipoletwa ghalani, ilikuja na programu inayohesabu kila gunia linaloingia na linalotoka. Lori haliondoki mpaka mashine ichape hati ya kutolea mzigo, na mashine haichapi mpaka iandikiwe neno la siri.

Neno hilo alikuwa akilitunga Bazilio, mkuu wa maghala, ambaye ofisi yake iko Kasulu. Bazilio ni Mkatoliki kweli kweli, wa misa ya kwanza. Basi maneno yake yote yalikuwa majina ya watakatifu. Kila Jumatatu alilisoma jina la wiki kwenye redio ya upepo, na karani wa Kibondo alitakiwa kulirudia, ili Bazilio awe na hakika kwamba limefika. Dereva aliyetumwa kuchukua mzigo alipewa jina lile lile. Akifika, analitaja, karani analiandika, mashine inachapa. Mambo yamekwisha.

Jumatatu moja ya mwezi Mei, mtakatifu wa Bazilio alikuwa na jina la baba mkwe wa Pelagia.

Kwa msomaji wa mbali niseme wazi. Katika nyanda hizi, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mumewe, ambaye humwita databukwe. Hatamki mbele yake wala nyuma yake. Jirani akiwa na jina hilo hilo, anamtafutia jingine la kumwitia. Kulitamka ni kama kumvua mzee nguo sokoni. Hakuna sheria iliyoandikwa, na hakuna anayehitaji iandikwe.

"Rudia, Kibondo," Bazilio alisema redioni siku ile.

Pelagia akanyamaza.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Sasa kama umepata, si urudie!"

"Ningemweleza nini?" Pelagia ananiuliza leo, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Redio ile inasikilizwa na kila mtu. Nianze kumsimulia bosi habari za ukweni kwangu, Kasulu nzima wanasikia? Mawe we, mama yangu! Niliona aibu. Nikamwita Hilali."

Hilali ni kuli wa ghala hilo, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alichukua chombo, na kwa kuwa redio ilikuwa mbovu siku ile, alilipiga jina kelele mara tatu. Uwanja mzima ulisikia. Makuli wenzake wakacheka sana, maana walijua kwa nini mama amekwama. Pelagia naye akacheka.

Siku ya Alhamisi likaja lori kama malori mengine. Dereva alivua kofia, akasalimia kwa Kiha, "Mwakeye," akalitaja jina kwa sauti ya chini, kwa heshima zote. Pelagia akaliandika kwa vidole, kwa kuwa vidole havikukatazwa. Mashine ikakubali. Maharage na mafuta ya kula yakatoka langoni yakashika njia ya Mabamba. Lori lilipatikana kichakani karibu na mpaka, tupu, limefagiliwa. Dereva hajaonekana hadi leo.

Kambini mgawo ulikatwa nusu. Maneno nayo yakapata miguu. Mrundi kawauzia Warundi wenzake, walisema mjini. Kambini nako walisema huyu mwenzetu amekuwa Mtanzania mpaka anatuibia. Mama yake mzazi aliulizwa sokoni kama maharage yalikuwa matamu.

"Kituoni nilimweleza afande jinsi ilivyokuwa," anasema Pelagia. "Nikamwambia neno lilikuwa jina la baba wa mume wangu, ndiyo maana alilisema Hilali. Akasema, 'Litaje.' Nikanyamaza. Akasema, 'Unaona? Unaficha.' Kumbe kila nikinyamaza, anaandika."

Afande huyo alikuwa mgeni wilayani, na kwao hakuna mwiko kama huo. Alimuuliza asubuhi, akamuuliza jioni. Mwanamke aliyeshindwa kutaja neno ambalo dereva, makuli na uwanja mzima walikuwa wakilijua! Kwa macho ya askari, huyo ni mwizi anayecheza. Pelagia akalala rumande, na Nadine, binti yake wa kwanza, ndiye aliyekuwa akimletea uji.

Aliyemtoa ni mzee mwenyewe. Alitoka Busunzu kwa miguu, akapata lifti ya lori la mkaa, akaingia kituoni na koti lake la kanisani. Hakumsalimia mkwewe, kwa kuwa hapakuwa mahali pa kusalimiana. Alisimama mbele ya kaunta.

"Jina mnalomtaka alitaje ni Pasikali," alisema. "Pasikali ni mimi. Mwanangu hawezi kulitaja, na mkimfunga miaka kumi hatalitaja. Niulizeni mimi."

Pelagia alisikia yote akiwa nyuma ya mlango wa chuma. Anasema kulia kwake kote katika kesi ile alilia siku hiyo.

Kesi haikufutwa. Ilipelekwa mahakamani, na dhamana ikawa shamba la migomba la mzee Pasikali, lile lile linalomlisha yeye, mkewe na wajukuu. Tangu hapo shauri linaahirishwa. Kila likitajwa, mzee anatoka Busunzu na magoti yake mabovu, anakaa kwenye benchi, anaambiwa tarehe nyingine, anarudi. Shirika lilimrudisha Pelagia kazini kwa nusu mshahara na kwa sharti moja: ikipotea shehena nyingine kwa mkono wake, hakuna maelezo yatakayosikilizwa. Na hakimu alishamwambia kuwa akishtakiwa tena, dhamana inakwenda.

Kwa hiyo pale langoni leo asubuhi, wakati Abbasi anapiga honi, Pelagia haoni lori. Anaona migomba.

"Zima hiyo honi!" anafoka Bazilio. Kisha anaingia kiofisini, mvua ikimfuata. Ni mtu mnene, mpole kwa kawaida, lakini leo upole ameuacha Kasulu. "Mama Nadine, sikiliza. Therese amezima redio kwa ajili ya radi. Ni utaratibu, waya za juu zinavuta umeme. Hatuwezi kukaa kuisubiri radi. Ruka hatua hiyo, fungua."

"Hairukiki, bwana mkubwa."

"Kwa nini hairukiki?"

"Ulisema isirukike."

Ni kweli alisema. Ni wiki iliyopita tu alipomleta Floribert, fundi wa kompyuta, mkimbizi wa Kongo kutoka kambi ya Nyarugusu, aje aitie programu ya ghala kufuli la pili. Na Pelagia ndiye aliyelilia kufuli hilo tangu atoke rumande, mpaka Bazilio akachoka kumsikia.

Kazi ya Floribert ni rahisi kueleza. Ukiandika neno la siri, mashine haichapi tena. Inakutolea nambari. Karani wa Kibondo anaisoma nambari ile kwenye redio, Therese, karani aliyeko Kasulu, anaiandika kwenye mashine yake, na mashine yake inatoa nambari ya jibu. Jibu hilo likiandikwa Kibondo, ndipo hati inachapwa. Lori lingine likija, nambari ni nyingine kabisa.

"Bon," alisema Floribert siku ile, akifuta miwani kwa shati. "Neno ni kitu unajuaka. Mutu mwingine naye anaweza kulijua, hata asikuibie, atasikia tu. Sasa tunaongeza kitu chenye haiko kichwani ya mutu. Nambari hii inazaliwa leo, inakufa leo. Wapige kelele, wacheze nayo ngoma, haisaidii kitu."

Pelagia alimwelewa upesi kuliko Floribert alivyotarajia. "Wazee wetu walikuwa hawatumi mjumbe na maneno matupu," ananieleza. "Ukitumwa kwenda kuchukua ng'ombe wa mtu, unabeba maneno na unabeba fimbo ya aliyekutuma. Maneno nayasikia, fimbo naiona. Nambari ndiyo fimbo. Ila hii inachongwa upya kwa kila lori."

Sasa Bazilio anataka ng'ombe atoke bila fimbo, na fimbo iko Kasulu, chini ya radi.

"Jina nililitunga mimi," anasema, sauti ikipanda. "Dereva nimemtuma mimi. Karatasi nimeisaini mimi. Mimi ndiye Kasulu!"

Pelagia anasimama. Huku kwetu mkubwa hajibiwi umekaa. "Bwana mkubwa, wewe ni Kasulu ukiwa Kasulu," anasema polepole. "Ukiwa hapa, wewe ni Bazilio."

Ala! Hilali, aliyekuwa amejibanza mlangoni kukwepa mvua, anageuka kutazama magunia. Abbasi anazima injini mwenyewe bila kuambiwa. Mwandishi wa makala haya ameona watu wakifukuzwa kazi kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Unajua nikiandika kwamba umechelewesha chakula cha wakimbizi bila sababu, itakuwaje?" anauliza Bazilio.

"Najua."

"Na bado?"

"Lori likitoka hivi na likapotea, utasema ulikuwepo?"

Swali hilo halina jibu zuri kwa mtu aliyeko mbele ya mwandishi wa habari, na sidhani kama lina jibu zuri hata faraghani.

Wakati huo huo jenereta iliyoko nyuma ya kiofisi inaanza kukohoa. Petroli inaishia. Nambari iko kwenye kioo tangu asubuhi, inasubiri jibu lake. Mashine ikizimika, nambari imekufa, na kila kitu kinaanza mwanzo. Pelagia anatazama taa ya juu ikififia na kurudi. Midomo inamcheza. Baadaye aliniambia alikuwa anasali.

Kisha Bazilio anatoka nje kwenye mvua, na kishindo cha mlango wa Land Rover kinasikika. Anarudi na galoni ya petroli ya gari lake mwenyewe, suruali imelowa mpaka magotini, anampa Hilali bila kumtazama Pelagia. "Mwagia hiyo mashine yenu," anasema. Jenereta inarudi kuunguruma, na Pelagia anasema ahsante kwa Kiha, kwa sauti ambayo bosi anaweza kujifanya hakuisikia.

Mvua inahama kwa hasira zake, inashuka upande wa mpaka. Abbasi amelala juu ya usukani. Hatimaye redio inapasuka kwa sauti ya kike.

"Kibondo, Kibondo, hapa Kasulu. Pole, radi ilikuwa juu ya paa letu. Nani anasubiri?"

Pelagia anaruka kama aliyechomwa. Mawimbi bado ni mabovu, na njia ni moja tu: kupiga kelele. Mwanamke aliyepelekwa rumande kwa kunyamaza anavuta pumzi na kuipaza nambari ile tarakimu moja moja. Makuli wanaisikia. Abbasi anaisikia. Mama anayeuza karanga nje ya ua anaisikia, na hakuna hata mmoja anayeweza kuifanyia lolote. Jibu linarudi. Anaandika. Printa inaguguna, karatasi inatoka.

"Fungua lango," anamwambia Hilali, na sauti imemkauka.

Abbasi anaichukua hati dirishani. "Dada, wewe ni mgumu kuliko mpaka," anasema, lakini anacheka. Lori linatoka likirusha tope.

Ingekuwa imeishia hapo. Lakini Therese bado yuko hewani.

"Bwana Bazilio yupo hapo? Mwambieni yule mtu wake wa jana sikumsaidia."

Bazilio anachukua chombo. "Mtu wangu yupi?"

"Aliyekuja dirishani jana mchana, ulipokwisha kuondoka. Alisema umemtuma achukue nambari ya lori la leo mapema. Jina la wiki alilijua, alinitajia. Nikamwambia nambari haipo mpaka Pelagia anisomee ya kwake. Akasema sawa, akaenda zake."

"Jina alilitaja sawasawa?"

"Sawasawa kabisa, bwana."

Bazilio anaweka chombo mezani. "Sikumtuma mtu," anasema. Anakaa kwenye kiti cha Pelagia, maana ndicho kilicho karibu.

Wote tunawaza jambo moja. Jina la wiki hii si la mkwe wa mtu. Pelagia alilirudia mwenyewe Jumatatu, kwa sauti ya kawaida, na Hilali hakuitwa. Hata hivyo limemfikia mtu asiyejulikana, limekaa tayari mfukoni mwake. Mtu huyo hakuhitaji kelele za kuli. Alihitaji redio tu, na Jumatatu.

"Kumbe hata lile la Mei..." Bazilio anaanza.

"Sijui," anasema Pelagia. "Labda alilisikia kwa Hilali. Labda alilisikia kwako. Mimi najua tu kwamba mimi sikumpa."

Ni maneno aliyoyasema kituoni, akayasema mahakamani, akayasema kwa shirika. Leo kwa mara ya kwanza kuna mtu anayasikia. Bazilio anamgeukia, suruali ikichuruzika maji kwenye sakafu ya saruji.

"Shauri lako linatajwa lini?" anauliza.

"Wiki ijayo."

"Nitakuja mwenyewe. Mlalamikaji ni shirika, na hapa shirika ni mimi. Nitamleta na Therese amweleze hakimu habari za yule mtu. Nitamwambia hakimu hatuna tena neno na wewe."

Pelagia anasema, "Ego," yaani ndiyo, basi. Hachezi wala haangui kilio. Ameshaahidiwa mengi kwenye benchi lile. Bazilio anapompisha, anarudi kwenye kiti chake, kwanza akikifuta kwa kanga, na kuiandikia mashine kwamba lori la Abbasi limetoka.

Naagana naye jua likiwa limetoka na mabati yakifuka mvuke. Namuuliza, shauri likifutwa kweli, atafanya nini cha kwanza. Nilidhani atataja mshahara kamili, au Nadine kwenda sekondari.

"Nitakwenda Busunzu kumwambia mzee asije tena mjini," anasema. "Tutapika pombe ya ndizi za shamba lile lile. Yule mtu alisimama mbele ya askari akalisema jina lake kwa ajili yangu. Sasa limeandikwa kituoni, limeandikwa mahakamani, karani analiita mlangoni kila shauri likitajwa, kama la mhalifu." Anakaza fundo la kitenge chake. "Nataka lirudi nyumbani. Liitwe na wazee wenzake tu, wakiwa wamekaa na mirija yao kwenye chungu."

Nje, honi inalia. Lori lingine limefika langoni, na dereva wake anakuja mbio akiruka madimbwi, amejaa tabasamu, jina la mtakatifu liko tayari mdomoni. Pelagia anamsikiliza mpaka mwisho, anaitikia salamu, kisha ananyoosha mkono kuchukua chombo cha redio.

"Jina nimelisikia, kaka," anasema. "Ngoja sasa niwaulize Kasulu."